Basra ilivyookoa gesi yake, na kwa nini mioto haikuzimika

Wazee wa Lamu waliofanya kazi ya bahari wanaijua Basra, mji ulio kusini mwa Iraq, kwa jina. Majahazi yalikuja na kaskazi yamebeba tende, yakangoja msimu ugeuke, kisha yakaondoka na kusi yamejaa boriti za mikoko ya visiwa hivi, zikabebe dari za nyumba za Basra na Kuwait. Biashara hiyo ilififia, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Tangu hapo Basra tunaisikia kwa habari za vita na mafuta.

Sasa ipo sababu mpya ya kuitazama. Bomba la mafuta ghafi kutoka Lokichar, Turkana, limepangwa kuishia Lamu, karibu na bandari mpya ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kila jambo hili linapozungumzwa barazani, hatakosekana mtu wa kuuliza: ile mioto tunayoiona kwenye picha za Iraq, inayowaka juu ya minara usiku na mchana, ndiyo itakayotuwakia hapa? Jibu la haraka ni kwamba mioto ile huwaka kwenye visima, na visima viko Turkana. Kinachotarajiwa kufika Lamu ni mafuta ambayo gesi yake imekwisha kutolewa. Lakini muulizaji anastahili zaidi ya jibu la haraka, kwa sababu swali lake linagusa mikataba ambayo hatima yake huamuliwa kabla pipa la kwanza halijasafirishwa. Basra ilijaribu kuizima mioto hiyo kwa njia ya biashara, kwa kuikusanya gesi na kuiuza, na mradi wake unahesabiwa kuwa miongoni mwa mikubwa kabisa ya aina hiyo duniani. Ulifanikiwa, na mioto ikaendelea kuwaka. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja, na ndiyo maana kisa hiki kinafaa kusomwa kwa utulivu.

Gesi isiyongoja

Mafuta yakiwa chini ya ardhi hukaa katika mgandamizo mkubwa, na ndani yake mna gesi iliyoyeyuka. Yakipanda juu mgandamizo hupungua, na gesi hutoka kama inavyotoka kwenye soda iliyofunguliwa. Kwenye kituo cha kutenganisha, mafuta hushika njia yake, maji yake, na gesi yake. Gesi hiyo ni mchanganyiko: methani ndiyo nyingi, halafu ethani, propani, butani na vimiminika vyepesi. Propani na butani ndizo zinazojazwa kwenye mitungi ya jikoni.

Tatizo lake ni kwamba haingoji. Mafuta ghafi hukaa tangini mpaka meli ije. Gesi hutoka kila saa mafuta yanapotoka, ina mgandamizo mdogo, na haiendi popote bila kompresa ya kuisukuma, bomba la kuipitisha na mnunuzi aliye tayari kuipokea siku ileile. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, mwendesha kisima anabaki na njia chache. Anaweza kuirudisha ardhini, kazi inayodai kompresa zenye nguvu na mwamba unaofaa. Anaweza kuiachia hewani, na hilo ndilo baya kuliko yote, maana katika kipindi cha miaka 20 methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksidi ya uzito uleule. Au anaichoma.

Kuchoma kidogo kwa ajili ya usalama hakuepukiki. Kompresa ikizima ghafla au mgandamizo ukipanda kupita kiasi, gesi lazima itolewe na kuteketezwa, la sivyo mtambo utalipuka na watu watakufa. Mnara wa moto hujengwa kwa ajili hiyo. Kinachopigiwa kelele ni uchomaji wa mazoea, ule wa mwaka hadi mwaka, kwa kuwa hakuna aliyejenga njia ya kuichukua gesi. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, mwaka 2024 ulimwengu ulichoma mita za ujazo bilioni 151, kiasi kikubwa kuliko cha mwaka wowote tangu 2007, na takriban sawa na gesi ambayo Afrika nzima hutumia kwa mwaka. Tena moto huo hauli kila kitu. Kwa miaka mingi makampuni yalihesabu kwamba asilimia 98 ya methani huteketea. Utafiti uliofanywa kwa ndege juu ya maeneo ya mafuta ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2022 ulikuta ni kama asilimia 91, kwa sababu minara mingine huwaka vibaya na mingine huwa imezimika huku gesi ikiendelea kutoka.

Mkataba uliolipia pipa

Kusini mwa Iraq hakukukosa ujuzi. Mitambo ya kukusanya gesi ilikuwepo zamani: vituo vya kompresa, kiwanda cha kutenganisha vimiminika Khor al-Zubair, matangi na gati la Umm Qasr. Vita na Iran vya 1980 hadi 1988 viliijeruhi. Vita vya 1991 vikaiharibu zaidi, vikwazo vikazuia vipuri kwa zaidi ya miaka kumi, na baada ya uvamizi wa 2003 uporaji ukamaliza mengi ya yaliyosalia. Visima viliendelea kutoa mafuta kwa sababu nchi ilihitaji fedha. Gesi ikachomwa.

Mwaka 2009 serikali ya Iraq iliita makampuni ya kigeni kuinua uzalishaji wa mashamba yake makubwa ya mafuta. Rumaila ilichukuliwa na BP pamoja na CNPC ya China, kwa ujira wa dola 2 kwa kila pipa la ziada juu ya kiwango kilichokuwepo. West Qurna 1 ilikwenda kwa ExxonMobil na Shell kwa dola 1.90, na Zubair kwa kundi lililoongozwa na Eni kwa dola 2. Huo ulikuwa mkataba wa huduma: mafuta ni mali ya serikali ya Iraq, kampuni hulipwa kwa kazi yake. Nchi iliyotoka vitani ilikuwa na haki ya kulinda mali yake kwa namna hiyo, na masharti yale yalisifiwa kuwa makali kwa makampuni.

Lakini mtu akiyasoma kwa jicho la gesi anaona pengo. Anayechimba analipwa kwa pipa. Gesi inayopanda na pipa hilo si yake, hawezi kuiuza, na kuikusanya hakumwongezei ujira. Mwenye gesi ni serikali, kupitia shirika lake la gesi la kusini, ambalo mitambo yake ilikuwa magofu. Kwa hiyo kila pampu ya mafuta iliyowekwa, kila kisima kipya, kiliongeza moto, na hapakuwa na yeyote aliyevunja mkataba. Hili kwangu ndilo kiini cha kisa chote. Mioto ya Basra iliandikwa kwenye karatasi kwanza, ndipo ikawaka.

Ubia

Jawabu la serikali lilikuwa kuunda kampuni ya tatu ambayo kazi yake ni gesi peke yake. Makubaliano ya awali na Shell yalitiwa saini Septemba 2008, na mkataba kamili Novemba 2011, baada ya zaidi ya miaka mitatu ya mabishano, mengine bungeni. Kampuni ya Gesi ya Basra ilianza kazi Mei 2013: shirika la serikali asilimia 51, Shell 44, Mitsubishi 5, kwa muda wa miaka 25. Uwekezaji uliotajwa ulikuwa kama dola bilioni 17 kwa muda huo wote. Inachukua gesi ghafi ya mashamba matatu, Rumaila, West Qurna 1 na Zubair, na mapato yake yanatokana na kuuza gesi iliyosafishwa na vimiminika vyake. Kwa mara ya kwanza kukawa na mtu anayepata hasara gesi ikiungua.

Nitakaa kidogo kwenye namna walivyoanza, kwa sababu hapo pana somo ambalo wapangaji wa miradi mikubwa hulipita. Hawakuanza kwa kiwanda kipya. Walianza kwa kufufua kompresa chakavu, kuziba mabomba yanayovuja, kurudisha matangi kazini na kufundisha upya maelfu ya wafanyakazi waliorithiwa kutoka shirika la serikali. Kazi ya namna hiyo haina sherehe ya kukata utepe, lakini kila kompresa iliyowaka iliondoa gesi kwenye moto siku hiyohiyo. Kufikia 2020 kampuni ilikuwa imewahi kukusanya futi za ujazo bilioni 1 kwa siku. Kwa kipimo kingine, hizo ni kama mita za ujazo bilioni 10 kwa mwaka.

Gesi kavu, yaani methani, huenda kwenye mitambo ya umeme. Propani na butani hujazwa kwenye mitungi. Nchi iliyokuwa ikihangaika kwa gesi ya kupikia ilianza kusafirisha nje: Machi 2016 meli ya kwanza ya vimiminika vyepesi iliondoka Umm Qasr, na shehena za gesi ya kupikia zikafuata mwaka huohuo. Baadaye, mwaka 2021, IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, iliratibu mkopo wa dola milioni 360 kwa ajili ya kampuni hiyo, iliyokuwa ikijenga kiwanda kipya chenye uwezo wa futi za ujazo milioni 400 zaidi kwa siku. Mabenki hukubali kukopesha mradi wa aina hii pale tu wanapoona mapato yake yameandikwa na mlipaji anajulikana. Wito wa kutunza mazingira peke yake usingeleta fedha hizo.

Hesabu iliyokataa

Hata hivyo mwaka 2023 Iraq ilichoma karibu mita za ujazo bilioni 18, ikiwa miongoni mwa nchi tatu zinazoongoza duniani. Kiasi hicho ni kikubwa kuliko kilichokuwa kikichomwa kabla ya ubia kuanza. Mtu akiishia hapo atasema mradi ulishindwa, na atakuwa amekosea.

Kilichotokea ni kwamba mafuta yalikimbia kuliko gesi. Mwaka 2010 Iraq ilikuwa ikitoa mapipa kama milioni 2.4 kwa siku. Kufikia 2019 yalipita milioni 4.5. Kufungua kisima na kukiunganisha na kituo ni kazi ya miezi. Kujenga bomba la gesi, kituo cha kompresa na kiwanda cha kuisafisha ni kazi ya miaka, na kila hatua ina zabuni yake, kibali chake na mgogoro wake wa ardhi. Aliyeruhusiwa kuongeza mafuta bila kungoja gesi alikwenda mbele, na anayeifukuza gesi akabaki nyuma yake siku zote. Kumbuka pia kwamba ubia ulikuwa na mashamba matatu tu. West Qurna 2, Majnoon na mengine hayakuwa ndani yake, na huko moto uliendelea kama kawaida. Mpango wa kuyashughulikia baadhi ya hayo ulisainiwa na TotalEnergies mwaka 2021, na ukaanza kutekelezwa baada ya makubaliano ya mwisho ya Julai 2023. 

Jambo linaloumiza zaidi ni hili. Tangu 2017 Iraq imekuwa ikinunua gesi kutoka Iran kwa ajili ya umeme wake, na kwa nyakati fulani gesi na umeme wa Iran vilibeba takriban theluthi ya mahitaji. Malipo yalikuwa yakikwama kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, na gesi ikipungua, umeme unakatika. Julai 2018 watu wa Basra waliingia barabarani katika joto linalozidi nyuzi 45, wakidai umeme na maji. Walikuwa wakiandamana chini ya mbingu inayong'aa kwa gesi yao wenyewe. Familia zinazoishi karibu na minara, Rumaila hasa, zimelalamika kwa miaka kuhusu masizi, vifua na saratani za watoto wao. Sheria ya Iraq inataka mitambo ya kuchoma ikae mbali na makazi, lakini watu walikuwepo hapo kabla ya minara mingi, na wengine hawana pa kwenda. Siwezi kuandika kisa hiki kana kwamba ni hesabu ya futi za ujazo peke yake.

Kuna funzo jingine ambalo wauzaji wa miradi hii hawapendi kulitaja. Gesi inayoambatana na mafuta hufuata mafuta. Mwaka 2020, OPEC, yaani umoja wa nchi zinazouza mafuta nje, na washirika wake walipopunguza uzalishaji, gesi iliyofika kwenye mitambo nayo ilipungua, ingawa mahitaji ya umeme hayakupungua. Anayejenga mtambo wa umeme au kiwanda cha mitungi juu ya gesi ya namna hii lazima ajue kwamba kiasi chake huamuliwa na watu wasiojali jiko lake wala taa yake.

Nigeria inaonyesha upande wa pili wa shilingi, nami nitaigusa kwa ufupi. Sheria ya 1979 ilitaka uchomaji ukome Januari 1984. Faini iliyowekwa kwa aliyeendelea ilikuwa kobo 2, yaani senti mbili za naira, kwa futi za ujazo elfu moja, kiasi kidogo kiasi kwamba kuchoma kulibaki kuwa nafuu kuliko kununua kompresa. Faini ikawa bei ya ruhusa. Mwaka 2018 ndipo kanuni mpya zilipoipandisha hadi dola 2 kwa wazalishaji wakubwa, na serikali ikajipa haki ya kuichukua gesi inayochomwa na kuwanadia wawekezaji wengine. Kati ya 1984 na 2018 ni umri wa mtu mzima.

Lokichar, na sisi

Mafuta ya Turkana yaligunduliwa Machi 2012 katika kisima cha Ngamia-1. Malori yaliyabeba hadi Mombasa kwa majaribio kuanzia 2018, na shehena ya kwanza ya mapipa kama 200,000 ikauzwa nje Agosti 2019. Tullow, kampuni iliyoyagundua, imekwisha kuondoka. Mwaka 2025 Gulf Energy ya Kenya ilikubali kununua mali zake. Mafuta yenyewe yana nta nyingi, huganda yakipoa, na yana gesi kidogo yakilinganishwa na ya Basra. Hilo la mwisho ni habari njema, kwa maana moto wake utakuwa mdogo. Ni habari ya tahadhari pia, kwa sababu asije mtu akaahidi kwamba Lokichar itajaza mitungi ya Pate, Faza na Amu. Tangu kiwanda cha Changamwe kiliposimamisha kusafisha mafuta mwaka 2013, gesi yote ya kupikia ya Kenya hutoka nje, na ile inayotufikia visiwani huvushwa kwa boti kutoka Mokowe na bei ya kuvushwa ikiwa juu yake. Kina mama wanaorudi kwenye makaa na kuni mtungi unapoisha wana haja halisi. Wasidanganywe kwa gesi ya Turkana.

Matumizi yenye maana, kwa maoni yangu, yako karibu na visima. Bomba la zaidi ya kilomita 800 linalobeba mafuta yenye nta linahitaji kupashwa joto njia nzima. Lile la Uganda kwenda Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa kuweka mafuta yake katika nyuzi 50 hivi. Mitambo ya kisimani inahitaji umeme. Gesi ya Lokichar ikitumika kwa kazi hizo inaondoa dizeli ambayo ingenunuliwa, na ikibaki inaweza kuwasha taa za Lokichar na vijiji vyake, ambako watu wanastahili kitu kutoka ardhini mwao. Sheria ya Petroli ya 2019 inakataza kuchoma au kuachia gesi bila idhini. Lakini Nigeria nayo ilikuwa na sheria. Ninachotaka kukiona ni sharti ndani ya mpango wa uendelezaji linalosema kwamba kisima hakiruhusiwi kuongeza mapipa mpaka njia ya gesi yake iwe inafanya kazi, na faini iliyo ghali kuliko kompresa.

Watu wa Lamu wataulizwa nini katika haya? Mgawanyo wa mapato katika sheria hiyo unatoa asilimia 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali mafuta yanapochimbwa. Sisi ni njia na bandari. Hata hivyo tumejifunza mara mbili kwamba sauti inayotolewa mapema ina thamani nyingine. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliagiza wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari, bahari ikiwa imekwisha kuchimbwa, na fidia ikachukua miaka mingine. Mwaka 2019 Mahakama ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, pamoja na sababu nyingine kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na hapo hakuna mkoko uliohitaji kulipiwa fidia.

Basi kikao cha tathmini ya mazingira cha bomba kikiitwa, Mokowe au kwingineko, yapo ya kuuliza yanayotuhusu moja kwa moja. Matangi ya kuhifadhia mafuta hutoa mvuke, hasa yakiwa yamepashwa joto, na meli inapojazwa hewa iliyomo tumboni mwake husukumwa nje pamoja na mvuke huo. Je, kutakuwa na mitambo ya kuunasa kwenye matangi na kwenye gati, au utaachiwa uelekee Mkanda na Pate kutegemea pepo za msimu? Pampu na mitambo ya kupasha joto ya upande wetu itaendeshwa kwa nini? Na vipimo vya gesi inayochomwa Lokichar vitachapishwa kila mwezi, au vitabaki kwenye faili za wizara?

Hilo la vipimo halihitaji kungoja hisani ya mtu. Setilaiti ya Marekani iliyorushwa 2011 ina kifaa kinachoona joto la mioto hiyo usiku, dunia nzima, na wataalamu wameitumia kukadiria kila nchi inachoma kiasi gani. Benki ya Dunia huchapisha makadirio hayo kila mwaka. Kijana wa Lamu mwenye kompyuta anaweza kutazama Rumaila leo, na siku visima vya Lokichar vitakapofunguliwa ataweza kulinganisha atakachokiona juu ya Turkana na kilichoandikwa kwenye ripoti.